Mkono wa Kurusha: Namna ya Kumpima Mtoto wa Besiboli

Huku mpakani, kuanzia Kwapa hadi Malaba na Busia, mtoto hujua kurusha kabla hajasikia habari za besiboli: huangua maembe kwa mawe. Mkono wenye nguvu haukosekani, na kwa hiyo nguvu peke yake isikudanganye. Kijana wa miaka 12 akivurumisha mpira mpaka mdakaji akakunja uso, usikimbilie kumwambia mzazi wake kwamba umepata mrushaji.

Mwache arushe mipira 20. Usiutazame mpira, tazama mguu wa mbele. Mrushaji wa kweli hukanyaga palepale kila mara, na vumbini hubaki shimo moja dogo badala ya nyayo zilizotapakaa. Kisha itazame glavu ya mdakaji: imetulia, au inaufukuza mpira huku na huko? Mimi namchagua mwenye kasi ya wastani asiyeisumbua glavu kuliko mwenye kasi kubwa asiyejua mpira utaangukia wapi. Kasi huongezeka mwili ukikua. Kurudia mwendo uleule bila kuyumba ni kipaji adimu.

Mipira ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Kiwiko kikianza kushuka chini ya bega, miguu imechoka na mkono unabeba kazi peke yake. Msimamishe hapohapo. Mtazame pia mpira wake ukipigwa ukapotelea kwenye mihogo: anaomba mwingine, au anatafuta wa kumlaumu?

Aliyefaulu yote hayo bado asifanywe mrushaji tu. Kanuni za Little League zinampa mtoto wa miaka 11 au 12 mipira 85 kwa siku, basi. Akifikisha 66, hupumzika siku 4. Mfupa wa mtoto hukua kwenye gegedu laini karibu na kiungo, na kila mrusho huivuta gegedu hiyo ya kiwiko. Mipira ya kupinda ingoje. Timu zetu ndogo zina kosa lao: kijana hodari hurusha, kisha hupelekwa kudaka. Kanuni hizohizo humkataza aliyerusha mipira 41 kudaka siku hiyo.

Kishawishi nakielewa. Vijana wa Lugazi, mji ulio kwenye barabara hii hii ya kutoka Malaba kwenda Kampala, walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League. Baadaye mrushaji David Matoma, Mganda, akasajiliwa na Pittsburgh Pirates. Kila kocha sasa anamtafuta Matoma wake.

Mtafute, lakini mpaka afike miaka 15 mpe kazi ya kurusha mara moja kwa wiki. Siku nyingine alinde besi ya tatu, akimbie, apige. Na hesabu ya mipira yake, kocha, iandikwe daftarini na mtu mmoja asiyekuwa na kazi nyingine.