Dakika Mbili za Kujibu

Kijana wa Ngara au Biharamulo huanza kidato cha kwanza akiwa na lugha mbili anazozimudu. Nyumbani ni Kihangaza, Kishubi au Kisukuma. Shuleni ni Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Mara baiolojia na jiografia zinakuja kwa Kiingereza, lugha ambayo sokoni Rulenge au stendi ya Nyakanazi hana wa kuizungumza naye. Mahali pake pa kuisema ni mdahalo.

Mada nyingi ni zile zile za miaka yote: elimu na fedha, kipi bora, kijijini na mjini, wapi kwema. Mzungumzaji wa kwanza anasimama, anamsalimu mwenyekiti, katibu na mtunza muda, kisha anatiririka. Amekariri, na pengine ameandikiwa na kaka wa kidato cha nne. Namheshimu kwa ujasiri wake, ila ung'eng'e wa namna hiyo huisha karatasi inapoisha.

Ninachokistahi ni zile dakika mbili za kujibu. Anayejibu amelazimika kusikiliza, kuchagua hoja moja na kuziacha nyingine, kisha kuirudia kabla ya kuipinga. Hapo kwenye kurudia pana siri kubwa: mpinzani wake ndiye anayempa msamiati. Neno alilolisikia sasa hivi linatoka kinywani mwake likiwa bado na moto, ndani ya sentensi aliyoijenga mwenyewe. Ikipinda, na ipinde.

Kiongozi fundi wa mdahalo hulijua hilo. Kijana akikwama, hammalizii sentensi. Anangoja, na anawazuia wengine wasicheke. Mwenye Kisukuma akiweka l penye r, na mwenye Kihangaza akiweka r penye l, anaacha ipite maadamu maana imefika. Makosa anayaandika pembeni, anayarudisha mwishoni bila kutaja jina la mtu. Subira hiyo ni kazi ngumu kuliko kusahihisha.

Mdahalo ukihamia kwenye simu, ufundi unabadilika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unamruhusu mtu ajirekodi, afute, ajirekodi tena hadi apate sentensi safi, na mazoezi ya kujibu papo hapo yanapotea. Kwa hiyo kiongozi makini huwakutanisha moja kwa moja, watu wachache, kwa mpangilio wa majina uliotangazwa mapema. Anayekatikiwa na mtandao zamu yake hailiwi. Anarudishwa baada ya anayefuata. Hata muda unahitaji uangalifu: karibu na Rusumo au Kabanga simu ikidaka mtandao wa Rwanda au Burundi, saa yake inaweza kurudi nyuma kwa saa moja, hivyo tangazo zuri husema wazi kuwa ni saa za Tanzania. Faida ya mpaka huo ni kwamba wa kubishana naye yuko karibu. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamishia elimu yake kwenye Kiingereza, na vijana wa ng'ambo ya mpaka nao wanakitafuta.

Halafu kuna kuchagua mada, na hapa ndipo ninapowatambua mafundi wa kweli. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, unagawanywa kwa nchi tatu: je, vijiji vilivyo jirani na mtambo vinastahili kutangulizwa? Wakimbizi wa Rwanda walipofurika kambi ya Benaco mwaka 1994, Ngara ilifaidika au iliumia? Mada kama hizo hazina desa. Kila mmoja ana ushahidi wa bibi yake, na lazima autafutie Kiingereza mwenyewe, hapo hapo, huku mwenzake akiwa ameshapinga.

Kiongozi akiona pande zimekomaa, anazibadilisha bila onyo: waliopinga waunge mkono, waliounga mkono wapinge, dakika mbili kila mmoja. Mara sauti zinapanda, wanakatizana, wanaombana radhi kwa Kiingereza, na anayeomba nafasi zaidi ni yule aliyekuwa kimya kipindi kizima.