Mafuta Yanayopikwa kwa Masikio

Huko Kerala, kusini-magharibi mwa India, mwezi wa Karkidakam huanzia katikati ya Julai na kwisha katikati ya Agosti. Mvua hainyamazi, na wenye baridi yabisi, viuno vinavyouma na magoti yaliyokaza huenda kwa matabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuchuliwa. Wengine hufanyiwa pizhichil: mafuta ya vuguvugu hukamuliwa kutoka kwenye vitambaa juu ya mwili mzima huku mikono ikichua. Wengine huzungushiwa goti kwa donge la unga wa choroko nyeusi, na mafuta ya moto yakatuamishwa ndani yake.

Mgeni husifu mikono ya mchuaji. Inastahili sifa, lakini ustadi mkubwa zaidi umeshafanyika jikoni.

Kwa hesabu ya Ayurveda, maumivu ni kazi ya vata, nguvu iliyo baridi, kavu na isiyotulia. Dawa yake basi ni kitu cha moto, kizito, chenye kulainisha, na mafuta ya ufuta hushika nafasi ya kwanza. Ila hayatumiki vivi hivi. Kitabu cha tabibu Sharangadhara, kilichoandikwa karne nyingi zilizopita, kinatoa kipimo: fungu 1 la dawa iliyosagwa laini, mafungu 4 ya mafuta, na 16 ya maji ya dawa. Maji hayo nayo kwa kawaida ni mizizi na magome yaliyochemshwa hadi ikabaki robo. Anayetaka lita 1 ya mafuta ataanza na lita 16 za maji, zipungue hadi 4, kisha hizo 4 zote zikaukie ndani ya mafuta, kwa moto mdogo, mwiko ukipita chini ndani ya sufuria bila kupumzika.

Maadamu maji yamo, joto halipandi sana na dawa iko salama. Yakiisha, joto hupaa ghafla. Kazi ya saa nyingi yaweza kuungua kwa dakika chache, na mafuta yaliyoungua hayana tiba, humwagwa.

Hapo ndipo mpishi anapojulikana. Huchota dawa kidogo na kuisokota kati ya vidole: ikikubali kuwa utambi, imekaribia. Kisha huitupa motoni na kutega sikio. Ikilia, maji bado yamo. Ikinyamaza, na povu likaumuka juu ya mafuta, yameiva. Hata kuiva kwenyewe kuna daraja: laini kwa matone ya puani, ya kati kwa matumizi yote, na ngumu kwa kuchulia.

Kottamchukkadi, mafuta maarufu ya viungo, yasingemshangaza mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwani ndani yake mna tangawizi kavu, vitunguu saumu, haradali, mtindi, majani ya mkwaju, na mlonge, mti uliotufikia kutoka India yenyewe. Kshirabala ni kinyume chake: mizizi ya mmea wa bala, maziwa na mafuta ya ufuta, basi. Lakini upishi wake waweza kurudiwa hadi mara 101, na tabibu huyatoa hayo kwa matone.

Zamani tabibu aliandika tu, na jamaa za mgonjwa wakapika nyumbani. P. S. Varier, aliyeanzisha Arya Vaidya Sala mjini Kottakkal mwaka 1902, ndiye aliyesaidia sana kuziingiza dawa hizi kwenye chupa, tayari kutumika. Leo viwanda vina mitungi mikubwa ya mvuke, na kipimo cha utambi bado kinaheshimiwa.

Heshima hiyo haiondoi tahadhari. Kuchuliwa na joto pekee huleta nafuu, hivyo si rahisi kujua mitishamba imechangia kiasi gani. Utomvu wa mti wa India ulio jamaa ya ubani umejaribiwa kwa magoti na kuonyesha matumaini, ingawa tafiti nyingi ni ndogo. Na mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba karibu moja ya tano ya dawa za Ayurveda walizonunua kwenye intaneti zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mnunuzi ana haki ya kuuliza nani amepika, na kwa vitu gani.

Tukirudi jikoni: baada ya kuiva, mafuta huchujwa yangali moto kwa kitambaa, na makapi yakakamuliwa. Kafuri, kwa mafuta yanayotiwa kafuri, haipiti sufuriani kabisa, maana moto ungeipeperusha. Huwekwa ndani ya chombo yanamochujiwa mafuta, nayo yakaikuta hapo yangali moto na kuiyeyusha.