Jina Kitendaguro na Ufundishaji wa Uandishi wa Kitaaluma
Ufundishaji wa uandishi wa kitaaluma katika shahada ya kwanza hukazia mno umbo: ikisiri, marejeleo, nafsi ya tatu. Hoja husahaulika. Mfano ni uchambuzi wa jina Kitendaguro, kata ya Manispaa ya Bukoba. Mwanafunzi anayedai kuwa ki- ni kiambishi cha ngeli ya 7, kwa kuwa Kiswahili kina kitabu, hajathibitisha lolote. Kihaya husema ekitabo. Irabu tangulizi e- iko wapi katika jina hilo? Tena Kihaya ni lugha ya toni, nayo tahajia ya kawaida haioneshi toni. “Inasemekana” haijibu maswali hayo. Mhadhiri anayesahihisha vituo vya marejeleo na kuiacha “inasemekana” ipite amefundisha unadhifu (nao una kazi yake), si uchunguzi. Zoezi la kwanza lingefaa liwe aya moja tu: dai, data kutoka kwa wasemaji, na kipingamizi kimoja kizito.