Hisani Hubebwa na Kazi ya Kila Siku

Ukizitazama karakana za kazi za mikono zilizoanzishwa Tanzania kwa nia ya kusaidia watu na kutunza mazingira, ukubwa wa nia hautakuambia ipi itadumu. Swali linalosaidia ni kavu zaidi: mishahara ya mwisho wa mwezi inatoka kwenye bidhaa gani, na mnunuzi wake ni nani? Karakana ya namna hii husimama pale hisani inapokuwa upande wa matumizi, yaani katika uamuzi wa nani aajiriwe na malighafi ipi itumike, huku mapato yakitoka kwenye kazi ambayo mteja angeilipia hata kama asingejua lolote kuhusu hisani hiyo. Songea na vitongoji vyake vina ushahidi wa kuipima hoja hii, ingawa mfano ulio wazi kuliko yote uko Iringa, kwa hiyo na tuanze huko.

Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa juhudi za msanii Mwingereza Susie Hart. Mwanzo wake ulikuwa vijana watatu viziwi na bidhaa moja ya kushangaza: karatasi ya kinyesi cha tembo. Kiufundi jambo hilo halina muujiza. Tembo hasagi vizuri chakula chake; sehemu kubwa ya nyasi na magome anayokula hutoka ikiwa bado nyuzi, na karatasi ni nyuzi zilizoshikana. Kinyesi huoshwa, huchemshwa kwa muda mrefu, hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, kisha rojo lake huchotwa kwa fremu yenye wavu, hukamuliwa maji na kukaushwa. Bidhaa ilikuwa na hadithi tamu kwa wageni wanaopita Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Lakini jambo la kuchunguza ni lililofuata. Kituo kiliongeza ufumaji, ushonaji, uchapaji wa vitambaa na utengenezaji wa mapambo, kisha kikafungua mgahawa unaohudumiwa na viziwi, ambako mteja huagiza kwa kuandika au kwa ishara, na baadaye nyumba ya wageni. Wafanyakazi wenye ulemavu wakafika zaidi ya 100. Mtu hununua daftari la kinyesi cha tembo mara moja, akalipeleka zawadi, basi. Aliyekunywa kahawa leo atataka nyingine kesho. Kwa mtazamo wa hesabu, daftari lilikitambulisha kituo, na kikombe cha kahawa na kitanda cha mgeni ni aina ya mauzo yanayojirudia, ambayo ndiyo huwezesha mishahara kupangwa.

Songea imeyaona haya kwa sura nyingine mapema zaidi. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho, magharibi mwa mji, mwaka 1898, na karakana zao za useremala, ufundi chuma na uchapaji zimewafundisha kazi vijana wengi wa Ruvuma. Tunapenda kuueleza uhai mrefu wa karakana hizo kwa imani na nidhamu ya watawa. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanaruka jambo moja: karakana zilikuwa na mteja wa uhakika nyumbani kwao. Abasia yenye hospitali, shule na makanisa huhitaji milango, vitanda, madawati na vitabu kila mwaka, na mwanafunzi alijifunza kwa kutengeneza kitu ambacho tayari kilikuwa na mtu anayekisubiri. Mfano wa pili ni Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokua miaka ya 1960 kutoka kijiji cha Litowa kwa uongozi wa Ntimbanjayo Millinga na wenzake. Hicho kilikuwa chama cha vijiji vya wakulima walioishi na kulima kwa ujamaa, chenye shule yake na ndoto kubwa, na bado kilimiliki kinu cha nafaka mjini Songea. Aliyeleta mahindi kusagwa hakulazimika kuuamini ujamaa, alitaka unga. TANU, iliyokuwa chama tawala, ilikivunja chama hicho cha vijiji Septemba 1969 kwa uamuzi wa kisiasa, kwa hiyo kifo chake hakiwezi kusomwa kama kushindwa kwa biashara.

Kwa nini mpangilio huu una nguvu? Tuseme karakana ya mianzi mjini Songea ina mafundi watano, kila mmoja akilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na pango pamoja na umeme ni 150,000. Kila mwezi inadaiwa 1,150,000 kabla haijauza chochote. Kikapu cha mapambo kikiuzwa 15,000, na mianzi, rangi na usafiri vikila 5,000, kinabaki 10,000. Inabidi viuzwe vikapu 115 kila mwezi, mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi, ili mafundi walipwe. Sasa mafundi haohao wakipata oda za kutengeneza viti vya baa, matenga ya wauza nyanya na kukarabati madawati, zikabakiza 700,000 baada ya malighafi, vikapu vya mapambo vinavyotakiwa vinashuka hadi 45. Hizi ni tarakimu za mfano tu, lakini uhusiano wake ndio hali halisi: kadiri kazi ya kawaida inavyolipa gharama zisizokwepeka, ndivyo bidhaa yenye hadithi inavyopata muda wa kutafuta mnunuzi wake bila kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Mpangilio huo pia humlinda anayekusudiwa kusaidiwa. Karakana nyingi hulipa kwa kipande, na fundi mwenye ulemavu anayefanya polepole huishia na ujira mdogo kuliko wote ndani ya biashara inayotangaza kuwa ipo kwa ajili yake. Dawa yake ni kuivunja kazi katika hatua. Karatasi inafaa kwa sababu ina hatua nyingi zisizofanana: kuchemsha, kuchota, kukamua, kukata, kushona jalada. Asiyeweza kusimama hupewa meza ya kukatia. Asiyesikia hapungukiwi na chochote kwenye fremu. Kazi ikipangwa hivyo, mshahara wa mwezi unawezekana, kwa kuwa kinachopimwa ni mazao ya timu nzima. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Karakana ndogo haibanwi na kiwango hicho, lakini ikijua kugawa hatua inaweza kukipita mbali bila kupunguza ubora.

Upande wa mazingira unadai hesabu kali zaidi, kwa sababu ni rahisi kujidanganya. Taka huitwa malighafi ya bure, lakini kuikusanya, kuiosha na kuichemsha kunagharimu. Karatasi inayochemshwa kwa saa nyingi juu ya kuni za miombo inaweza kula msitu mwingi kuliko iliouokoa, na maji yenye kemikali yakimwagwa mtaroni wema umegeuka uchafuzi. Mpingo unafundisha zaidi. Mti huu unaopatikana Tunduru na Namtumbo huchukua miongo mingi kukomaa, na unapopasuliwa kwa ajili ya ala za muziki kama klarineti na obo, sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo hufaa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao na kubaki na mapato yake, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilivyosaidiwa na shirika la MCDI vilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu. Mchongaji wa Songea anaweza kununua masalia ya magogo kutoka kijiji chenye mpango wa uvunaji, akabaki na karatasi za kuthibitisha. Njia nyingine ni ile ya wachongaji Wakamba wa Mombasa, ambao wengi wao waligeukia mwarobaini miti migumu ya asili ilipoadimika. Mwarobaini hukua haraka, ila mti mbichi hupasuka baada ya kuchongwa, kwa hiyo kuukausha vizuri ni sehemu ya ufundi wenyewe. Kuhifadhi mazingira hapa ni kununua kwa stakabadhi na kukausha kwa subira, na mambo yote mawili huingia kwenye gharama kabla hayajaingia kwenye tangazo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba Iringa ina watalii na Songea haina. Ni kweli kwamba wageni wanaokuja kwa ajili ya Makumbusho ya Majimaji hawatoshi kulisha duka la zawadi. Lakini tuukumbuke mwaka 2020: watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Aliyemtegemea mgeni peke yake alipoteza zaidi ya nusu ya soko kwa sababu zilizotoka nje kabisa ya karakana yake. Songea inayoanza na mteja wa mtaani inaanza mahali salama zaidi. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 liliongeza nafasi ya vikapu na mifuko ya karatasi, na shule, zahanati, baa na nyumba za wageni mjini zinahitaji samani kila mwaka.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: Neema ilikuwa na kanisa nyuma yake, Peramiho ilikuwa na abasia, na kijana wa Lizaboni mjini Songea hana mfadhili. Hilo haliwezi kukanushwa. Hakuna hata mmoja wa mifano hii ulioanza mikono mitupu. Linalofaa kujifunza ni mahali pa kuuweka msaada. Fedha ya msaada ikinunua mashine au tanuri la kukaushia mbao, inabaki kazini baada ya mfadhili kuondoka. Ikilipa mishahara, huondoka naye. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yenye fungu la asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, iliporejeshwa mwaka 2024, Manispaa ya Songea ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ya kuitoa kupitia benki. Benki itauliza marejesho yatatoka wapi, na oda ya madawati ni jibu linaloeleweka kuliko matumaini ya kuuza mapambo.

Wapo pia watakaosema kwamba karakana inayotengeneza viti vya baa imepoteza roho yake. Hofu hiyo inachukulia kwamba roho ya karakana iko kwenye bidhaa. Kama aliyesuka kiti analipwa kwa wakati, ameajiriwa mahali ambapo wengine walimkataa, na mianzi imekatwa bila kung'olewa mizizi, hisani yote imeshatimia kabla kiti hakijafika baa. Mnunuzi anayetaka kuijua hadithi yake aambiwe, ila bei isimdai ailipie. Kwa hiyo anayepanga kufungua karakana ya namna hii Songea aandike kwanza majina ya wateja watano watakaonunua tena ndani ya miezi mitatu. Akiwakosa, aahirishe kuajiri hadi awapate, kwa sababu fundi mwenye ulemavu aliyeajiriwa kisha akaachishwa baada ya nusu mwaka ameumizwa zaidi ya yule ambaye ahadi hiyo haikumfikia.