Masomo yenye kuponya: tusome na ukurasa wa pili

Katika mwaka 2015, bibi Torrente na wenzake walitangaza uchunguzi wao katika shule za msingi za mashariki ya inchi yetu. Shirika la IRC lilikuwa limewazoeza walimu kufundisha kusoma na, pamoja na hayo, kutuliza mioyo ya watoto walioona vita. Shule zilipigiwa kura: nyingine zianze, nyingine zingoje, kisha zilinganishwe. Njia hiyo tunaisifu, maana haimpendelei mtu.

Baada ya mwaka mmoja watoto waliwaona walimu wao kuwa wema zaidi. Neno hili hurudiwa kwa furaha. Lakini watoto hao hao waliona utaratibu na kusaidiana darasani vimepungua, na taabu za mioyo yao zilibaki vilevile. Neno hili humezwa, nasi twaona ndilo lenye faida. Mwalimu ashikaye njia mpya huvunja kwanza desturi ambayo mtoto mwenye hofu alikuwa ameitegemea. Tena mwalimu wa wakati ule mara nyingi alingoja mshahara wake kwa wazazi maskini. Mkubwa wa shule anayetaka njia hii awape walimu miaka, si semina ya siku tatu.