Umeme Uliozungushwa Mbuyu

Gharama ya lori la mgodini hupimwa kwa tani iliyopandishwa, si kwa bei ya kulinunua, ingawa wahasibu wengi bado huanzia kwenye bei. Katika machimbo ya wazi, dizeli nyingi huungua lori likiwa limejaa na linapanda. Magari kama Komatsu 930E tayari yana mota za umeme magurudumuni. Kazi ya injini ni kuzungusha jenereta. Linalobaki ni kujua umeme huo utoke wapi, na mgodi wa Mogalakwena ulichagua chanzo kibaya.

Mei 2022, Anglo American ilizindua lori la nuGen katika mgodi huo wa platinamu, Limpopo, Afrika Kusini. Injini iling'olewa, pakawekwa mitungi ya haidrojeni, seli za mafuta na betri. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji hula kWh 50 hadi 55. Seli hurudisha kama 17 tu. Lori na mzigo wake wa tani 290 lina uzito wa takriban tani 510. Kulipandisha mita 100 kwenda juu, msuguano wa matairi ukiachwa kando, hudai karibu kWh 140 magurudumuni. Kwa waya wa umeme uliotandazwa juu ya barabara, gridi ingetoa kama 160. Kwa haidrojeni hutoka zaidi ya 450. Umeme hulipiwa mara tatu, mlima hupandwa mara moja.

Somo lilikuwa jirani. Palabora, mgodi wa shaba ulio katika Limpopo hiyohiyo ya leo, ulitandaza nyaya juu ya barabara ya kupandia mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya mafuta ilipopaa. Lori lilinyanyua mikono yake, likashika waya, injini ikapumzika, nalo likapanda kwa kasi zaidi kuliko kwa dizeli, maana waya huipa mota nguvu ambayo injini haina.

Hata hivyo, si yote ya nuGen yalikosewa: betri yake, iliyovuna umeme wa breki, ilikuwa kazi safi.

Waya una masharti yake: nguzo ni ghali, barabara isihamishwe kila mara, gridi isiyumbe. Mzigo unaposhuka badala ya kupanda, betri pekee hutosha: eDumper, lori la betri la Uswisi, hushuka na tani 65 za mawe, na breki zake huzalisha umeme wa kulirudisha juu likiwa tupu. Na chini ya ardhi hoja ya umeme huzidi nguvu, maana huko bili ya dizeli huongezwa na feni za kutoa moshi.

Desemba 2024, First Mode, kampuni iliyounda mfumo wa nuGen, iliomba mahakama iikinge dhidi ya wadai.