Nyuzi Zinazoitikia

Ukikaa mbele ya piano ya nyuzi, bonyeza do ya katikati polepole mno, kiasi kwamba nyundo isiufikie waya. Hutasikia kitu. Usiachie. Sasa kwa mkono wa kushoto piga kwa nguvu do iliyo oktava moja chini yake, na uiachie hapo hapo. Noti uliyoipiga inanyamaza. Ile ambayo hukuipiga inabaki ikiimba kwa sauti nyembamba, kama mwitikiaji aliyejibanza nyuma ya umati akingoja zamu yake.

Kila piano ninayokutana nayo huifanyia jaribio hilo. Humo mna siri ya chombo chenyewe, na humo mna kipimo cha mafundi ninaotaka kuwasifu: wale waliojitwika kazi ya kuitoa sauti ya piano katika kinanda kisicho na waya hata mmoja.

Kazi yao tuipime kwa ugumu wa kile wanachokiiga. Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda aliyetumikia ukoo wa Medici mjini Florence, aliunda piano ya kwanza yapata mwaka 1700. Nyundo yake iliupiga waya na kurudi nyuma papo hapo, ili waya uachwe huru utetemeke. Piano kubwa ya leo ina vibao 88 vya kubonyeza na nyuzi zipatazo 230, zilizokazwa kwenye fremu ya chuma inayohimili mvuto wa takriban tani 20. Mtetemo wa nyuzi hushuka kwenye ubao mpana, na ubao ndio unaoijaza nyumba sauti. Ukikanyaga pedali ya kulia, vinyamazishi vyote huinuka, na noti moja ikipigwa huziamsha nyuzi zote zenye undugu nayo. Anayedhani anasikia noti moja, kwa kweli anasikia ukoo mzima.

Mwaka 1976 Mmarekani Raymond Kurzweil alitoa mashine ya kuwasomea vitabu wasioona, na Stevie Wonder akawa miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo. Urafiki wao ndio uliozaa swali: je, kompyuta inaweza kutoa sauti nzito na hai kama ya ala za asili? Jibu lilikuja mwaka 1984, kinanda kilichoitwa K250. Sauti ya piano halisi ilirekodiwa, ikageuzwa tarakimu na kuhifadhiwa, ikingoja kidole kiiite. Lakini kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali siku hizo. Katika vinanda vya namna hiyo, rekodi moja ilivutwa itumikie noti kadhaa za jirani, na mkia wa sauti ukazungushwa tena na tena. Sikio kali lilitambua, na mafundi wakarudi kusikiliza upya.

Waligundua kwamba kidole kikigusa kwa upole, sauti haipungui ukubwa tu, inabadilika tabia. Pigo la nguvu huibana sufu ya nyundo na kuutoa mlio mkali, pigo la upole huutoa mlio wa mviringo. Basi kila noti ikarekodiwa mara nyingi, kwa nguvu mbalimbali. Chini ya vibao wakaweka vihisi vinavyopima muda ambao kibao kinautumia kupita kati ya sehemu mbili, na kwa muda huo kinanda hujua jinsi kilivyopigwa. Katika vinanda vizuri waliweka hata nyundo ndogo zisizopiga waya wowote, nzito upande wa noti za chini na nyepesi upande wa juu, ili mkono ukute uzito unaoujua.

Kinachonigusa zaidi ni pumzi ya vinyamazishi vinapoinuka na kishindo kidogo cha kibao kinaporudi mahali pake. Mafundi wa piano walihangaika kwa vizazi kuipunguza minong'ono hiyo. Mafundi wa dijitali waliisogezea maikrofoni na kuiokota, kwa sababu bila hiyo sikio lilihisi upungufu lisioweza kuutaja.

Mjini Toulouse, Ufaransa, Philippe Guillaume alikwenda mbali zaidi. Alikuwa fundi wa kuzipatanisha sauti za piano kabla ya kuwa mwanahisabati, na programu ya Pianoteq iliyotoka mwaka 2006 haichezi rekodi za noti. Waya, sufu na ubao vimeandikwa kwa hesabu, na sauti huzaliwa upya kila kidole kinaposhuka. Hesabu hizo zingeandikwa vipi na mtu asiyewahi kuinamia nyuzi, ufunguo wa kukazia mkononi, akisubiri mbili zikubaliane?

Juzi usiku, nyumba nzima imelala, nilivaa vipokea sauti masikioni mbele ya piano ya dijitali. Nikabonyeza do ya katikati polepole, ikakaa kimya. Nikaipiga ya chini yake na kuiachia. Humo hamkuwa na waya wa kutetemeka, ila kwa mbali do ya katikati ikaitikia. Mtu fulani alikuwa ameisikiliza piano hadi akaufikia waya ambao haukupigwa, akaona nao haufai kusahauliwa. Sikukiachia kibao mpaka sauti ilipokwisha yenyewe.